Koti Lako Bado Lina Manyoya ya Watachoka

Deo mwanangu,

Barua niliyofundishwa shuleni inaanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni juu yako. Sasa hofu juu yako ya nini tena. Na mimi nikisema ni mzima nitakuwa nakudanganya, na wewe hukupenda nikudanganye hata pale nilipokuficha kwamba chumvi imeisha. Basi naanza bila salamu, utanisamehe.

Nakuandikia kwa sababu ya koti lako. Lile zito la kijani, la mtumba, lenye kola iliyochanika, ulilokuwa unavaa ukienda kuwinga tumbili shambani na ukimchana mbwa wako jioni. Kesho asubuhi nalifua. Nitachemsha maji, nitaliloweka, nitalipiga kwenye jiwe kama nguo nyingine. Nimeona si vizuri nilifue kabla sijakuambia. Naomba unisikilize polepole, mwandiko wangu unaujua, na mambo yenyewe hayakwenda kwa mstari ulionyooka.

Kwanza nikuambie ya mtoto wako. Jenista yupo. Amerefuka, meno ya mbele yameng'oka, na akicheka anaziba mdomo kwa mkono kama ulivyokuwa unaziba wewe ukiwa na pengo. Lakini kifua, Deo. Kifua kinambana. Hayo ndiyo mambo yenyewe, mengine yote ninayoandika hapa yanazunguka hapo.

Unakumbuka ulivyokuwa unakaa pale kwenye jiwe, pembeni ya mibuni, na Watachoka amesimama kati ya magoti yako? Umeshika gunzi la mahindi lililokauka, unamsugua mgongoni kuelekea mkiani, pole pole, halafu tumboni, halafu nyuma ya masikio. Manyoya yanatoka mafungu mafungu. Unayakusanya, unayabana kwenye tawi la mbuni, na asubuhi hayapo, ndege wameyachukua kutandikia viota. Kila siku iliyokuwa kavu ulifanya hivyo. Mama Sabina jirani alikuwa akipita na ndoo yake anasimama makusudi. "Mama Deo, mwanao anasuka mbwa! Saluni anafungua lini?" Na wewe bila kuinua kichwa: "Panga foleni, shangazi, kichwa chako nitakifikia." Alikuwa anacheka mpaka maji yanamwagika. Juzi kapita hapo kwenye jiwe, kasimama, akaendelea na njia yake. Ndoo yake haikumwagika hata tone.

Na jina lile. Watu walisema kijana gani anamlisha mbwa ugali wakati watu wenyewe wanautafuta, wakasema utachoka utamfukuza. Ukamwita Watachoka, yaani wao ndio watachoka kusema. Kila ukimwita pale barabarani walikuwa wanajua wanaambiwa wao. Baba yako alikuwa anajifanya amekasirika, kumbe akienda kilabuni anawasimulia wenzake.

Ukimaliza kumchana ulikuwa unavua koti palepale nje, unalikung'uta upande ule upepo unakoelekea, unalitundika kwenye msumari wa jikoni, nje, chini ya paa. Halafu unanawa mpaka viwiko ndipo unamchukua mtoto. Mimi nilikuwa nasema huyu kijana ana maringo, koti la shambani nalo lina kanuni. Wewe ulikuwa unaniambia, "Mama, koti la mbwa lisipite mlangoni." Ulisema ni kwa ajili ya Jenista, tangu alipobanwa kifua akiwa mchanga. Nilisikia. Ikaingia sikio hili ikatokea lile. Nilikuwa na maharage ya kupepeta, na wewe ulikuwepo, na mtu akiwepo maneno yake huyashiki. Unajua atayasema tena kesho.

Halafu ukaugua tumbo. Ulitoka hapa nyumbani kwa miguu yako, umevaa shati lile jeupe la kanisani, koti umeliacha kwenye msumari kwa sababu jua lilikuwa kali. Hukurudi kwa miguu yako. Sitaki kuandika hapo.

Sasa sikiliza kilichofuata.

Siku za msiba Watachoka alilala kwenye jiwe, hakubweka watu hata wageni. Na manyoya yakaanza kumtoka kuliko tulivyowahi kuona. Hakuna aliyemchana, nani angemkumbuka? Yalitembea uani kama pamba. Yaliingia kwenye ugali wa waombolezaji, yakaingia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, mzee mmoja kutoka upande wa mama yako mkubwa akatoa unyoya kwenye ulimi akasema, "Jamani, hata huyu anamlilia mwenye mji wake." Watu wakaitikia. Mimi mwenyewe niliitikia. Niliona ni kweli, nikaona afadhali kuna mwingine anayedondoka kama mimi.

Ikafika siku ya kuondoa matanga. Shangazi yako Domitila alikuja na nyembe zake kwenye kitambaa, unamjua, yeye msiba bila kunyoa si msiba. Tukakaa kwenye mkeka mmoja mmoja. Baba yako, mimi, mkeo Furaha, wadogo zako, mwisho Jenista ambaye alilia kwa sababu ya maji baridi. Tulipomaliza, shangazi akasimama, akamwangalia Watachoka, akasema, "Na huyu je? Si wa msiba huyu? Nywele za msiba hazibaki kwenye mji. Mnamwacha anazisambaza, halafu mnashangaa machozi hayakauki." Furaha akasema, "Shangazi, huyo ni mbwa." Shangazi akasema, "Ndiyo, nimemwona ni mbwa, sijasema ni padri."

Deo, tulicheka. Ndiyo siku pekee tuliyocheka. Tukamleta, na yeye akasimama kabisa kama ulivyomzoesha, miguu minne imenyooka, anasubiri gunzi. Shangazi akamkata kwa mkasi, kisha akamalizia kwa wembe na sabuni. Hakung'ata mtu. Alipotoka pale alikuwa kama mbuzi aliyechunwa, ngozi ya waridi yenye madoa, mkia kama kamba. Mimi nilidhani tumemaliza mambo mawili kwa mara moja, msiba na manyoya. Nani alijua?

Wiki hiyohiyo mvua zikaanza, na ukungu wa hapa kwetu Bugarama unaujua, hauondoki mpaka jua liwe juu kabisa. Nikamkuta anatetemeka kwenye jivu la mafiga, meno yanagongana. Nikalitoa koti lako kwenye msumari nikamfunika. Nilisema moyoni koti lake na mbwa wake, wacha walale pamoja. Akalala ndani yake msimu ule wote wa mvua. Nikipita nikaona kichwa chake kimetokeza kwenye kola, ilikuwa inanikata na kunipoza kwa pamoja.

Manyoya yakaota tena. Na tuliyoyanyoa tukidhani yamekwisha yakarudi vibaya, mafupi, magumu, yenye ncha kama mabua. Zamani ya kwake yalikuwa marefu, ukiyaokota yanashikika. Haya yalikuwa yanajichoma kwenye shuka kama sindano, ukivuta unyoya unakatika unabaki nusu. Mbwa alipopata nguo yake mwenyewe nikalichukua koti, nikalikung'uta mara mbili tatu, nikaliingiza ndani. Nikalitundika juu ya kitanda changu, kwenye ukuta wa kichwani. Niliona haya liendelee kukaa jikoni kama tambara. Ni nguo ya marehemu. Lilikuwa bado linanuka wewe, ule moshi, na kahawa, na jasho lako la shingoni.

Jenista analala na mimi tangu ulipoondoka. Mara ya kwanza alipokulilia nikashindwa kumbembeleza, nilishusha koti nikamfunika. Akanyamaza. Akashika kifungo kimoja akalala nacho mkononi. Kuanzia hapo ikawa hivyo. Akiniambia, "Bibi, nipe baba," namshushia koti.

Kikohozi kilianza kidogo. Nikasema ni baridi, nikampa maji ya tangawizi. Kisha kikawa cha kila siku, asubuhi akiamka kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, midomo inakuwa na rangi ya jivu. Tukampeleka zahanati. Daktari akasema ni pumu, akatuuliza jikoni mnapika wapi, mna vumbi, mna mnyama gani ndani. Furaha akasema tuna mbwa. Daktari akasema kuna watoto ambao mbwa hawapatani na vifua vyao. Akatupa ile dawa ya kupuliza mdomoni, ukiminya inatoa moshi. Jenista anaiogopa, anaiita nyoka.

 Tuliporudi hapa uani, Furaha akamwangalia Watachoka, akaniangalia mimi. "Mama, mimi na mbwa sina ugomvi. Alikuwa wa Deo, nampenda. Ila mtoto ninaye mmoja." Alisema taratibu, kwa heshima zote, na nilitamani angepiga kelele. Baba yako akasema yeye atammaliza, ni kazi ya dakika, tena ni huruma. Nikawaambia nipeni muda. Nilisema nitayamaliza manyoya mimi mwenyewe, mbwa abaki.

Nikaanza kwa akili zangu. Nilimwogesha kwa sabuni ya unga, ile ya kufulia, kila mara nikipata nafasi, namsugua mpaka povu linakuwa jeusi. Nikafagia nyumba asubuhi na jioni. Kadiri nilivyomwogesha ndivyo alivyozidi kupukutika, na mgongoni akaanza kutoa vitu vyeupe kama unga wa muhogo. Kadiri nilivyofagia ndivyo mtoto alivyozidi kukohoa. Nikawa kama mtu anayezima moto kwa mafuta ya taa. Mama Sabina akanishauri nimpake mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mungu aliniokoa tu sikuipata.

Bwana mifugo alipita kijijini na chanjo ya kichaa cha mbwa, nikamkokota Watachoka mpaka ofisi ya kijiji. Kijana mpole, wa umri wako, akaniamkia shikamoo mama akiwa amemshika mbwa wa watu kwa shingo. Nikamwambia mwanangu, mbwa huyu ana ugonjwa wa kuisha manyoya. Akamgeuzageuza, akampapasa, akasema, "Mama, mbwa huyu haumwi. Mbwa asiyepukutika hajazaliwa. Unyoya una umri wake, ukizeeka unaanguka mwingine unaota." Akaniambia ugonjwa una alama zake, kama angekuwa na sehemu zenye upara wa duara, vidonda, anajikuna mpaka damu, hapo ningekuwa na haki ya kuogopa. Huyu anabadilisha nguo tu, na misimu ikigeuka anabadilisha zaidi, na akiwa na huzuni au njaa zaidi tena. Nikamwambia huzuni anayo. Akasema, "Pole, mama." Nikaona huyu kijana ana mama yake mahali.

Akacheka kidogo nilipomwambia kuhusu wembe wa shangazi. Akasema kumnyoa hakuzuii kitu, unyoya mfupi nao unaanguka, tena unaingia kwenye nguo vibaya zaidi. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Alisema kinachombana mtoto si manyoya yenyewe. Ni ile mba ya ngozi, na mate ya mbwa anavyojiramba, vinashikana na manyoya na kusafiri nayo. Ndogo, hata huioni. Mimi na sabuni yangu ya unga nilikuwa naikausha ngozi, naongeza mba. Mimi na ufagio wangu nilikuwa nairusha hewani mtoto aivute.

Basi nikaacha, nikafuata alivyosema. Kuogesha mara moja moja, kwa sabuni ya kipande iliyo laini, na kusuuza sana. Kwenye ugali wake nichanganye vichwa vya dagaa, ngozi ipate mafuta. Nyumba nisifagie kavu, nifute kwa tambara bichi. Mablanketi yaanikwe juani. Mbwa asivuke mlango kabisa. Na achanwe kila siku nje, mbali na mtoto. Nikamuuliza achanwe kwa kitu gani, sisi hatuna vitana vya mbwa. Akafikiria, akasema hata gunzi la mahindi linafaa.

Nilirudi nyumbani nalia barabarani kama mwendawazimu. Watu wananiuliza mama kuna nini, nasema gunzi.

Nikakaa kwenye jiwe lako. Watachoka akaja mwenyewe, akasimama kati ya magoti yangu, miguu minne imenyooka. Nilimsugua kama ulivyokuwa unafanya, nikabana manyoya kwenye mbuni. Mkono wangu si wako, alikuwa anageuka ananiangalia kama mtu aliyekaribishwa na mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe. Lakini alitulia. Baada ya muda ngozi ikapona, ule unga ukaisha, mgongo ukaanza kung'aa. Ukimpapasa mkono unabaki safi. Kila mtu aliona. Baba yako akaacha kusema atammaliza. Mimi nikaanza kuwa na matumaini, Deo, ndilo kosa nililoongeza.

Maana Jenista hakupona. Mchana alipata nafuu, anakimbia, anapanda mpera. Akilala na mimi kikohozi kinarudi palepale. Furaha alikuwa anasimama mlangoni kwangu asubuhi, anamsikiliza mtoto anavyovuta hewa, halafu anageuka anakwenda kuwasha moto. Hakunisema. Ilifika siku mtoto hakuweza kumaliza neno "bibi". Alisema "bi" akakata, akavuta hewa, akashindwa. Siku hiyo nilichukua simu mwenyewe nikampigia mama yako mdogo Leokadia kule Nyamahanga, Biharamulo, nikamwambia njoo umchukue mbwa.

Alikuja na fuso la watu wanaonunua maharage. Nilimchana mara ya mwisho, sikuharakisha. Tukamfunga kamba tukampandisha juu ya magunia. Nilidhani atabweka, atajirusha. Alikaa tu, akaangalia nyumba mpaka gari likakata kona. Jenista aliuliza Watachoka anakwenda kwa baba? Furaha akasema hapana, anakwenda Biharamulo. Mtoto akasema, "Kumbe kuna watu wanakwenda Biharamulo," kwa namna ya mtu anayeona wivu.

Tumbili wamejua. Hawakuchukua hata muda. Mahindi ya bondeni wamekula kwa starehe, wanamenya wanatupa, wananiangalia mimi na debe langu ninalogonga kama wanamwangalia kichaa. Baba yako anashinda huko na mgongo wake mbovu. Leokadia anapiga simu, anasema mbwa anakula, watoto wanampenda, manyoya yake yanaanguka kwenye shamba la mihogo hayamsumbui mtu. Ila ana tabia moja. Akipita mwanaume aliyevaa koti, anamfuata mpaka mtoni, anamnusa, halafu anarudi peke yake. Nilimwambia Leokadia asinisimulie tena hilo.

Tulisubiri. Nilifuta nyumba, nilifua mablanketi, nilihamisha mafiga mbali na dirisha. Nikasema sasa hata kama ni mba, mbwa hayupo, itaisha. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Mtoto bado anakohoa. Nyoka wake wa dawa anamminya kila siku. Nikaanza kuwaza kwamba labda basi, Mungu ameamua kumchukua na huyu, na hakuna cha kufagia wala kufuta.

Jana Furaha alikuwa anakunja shuka la mtoto, akatulia. Alikuwa ameshika unyoya kwa vidole viwili. Mfupi, mgumu, wa kahawia, wenye ncha. Akaniita. "Mama, mbwa ana muda gani tangu aondoke?" Nikamwambia unajua. "Hili shuka nililifua juzi." Tukautazama ule unyoya kama watu wanaotazama nyoka. Akanyoosha shuka tena, tukauona mwingine, na mwingine, wote upande wa kichwani. Nikainua macho ukutani.

Nikalishusha. Nikaligeuza ndani, kwenye bitana. Deo, bitana haikuonekana rangi. Ilikuwa imefumwa na manyoya ya Watachoka, yale ya baada ya wembe, yamejichoma moja moja, na katikati yake unga mweupe wa mba. Msimu mzima wa mvua alilala humo. Na mimi kwa mikono yangu hii, kila mtoto alipomlilia baba yake, nilimfunika nayo puani.

Ndipo nikakusikia. Nilikusikia kabisa, na ile sauti yako ya mtu anayenawa viwiko. "Mama, koti la mbwa lisipite mlangoni."

Nilikaa chini. Furaha akakaa karibu yangu. Nilimuuliza, Furaha, kwa nini hukuniambia, wewe ulikuwa unajua Deo alivyolitunza. Akasema, "Nilifikiria siku nyingi, mama. Nikaogopa." Nikamuuliza uliniogopa mimi? Akasema hapana. Akachukua ule mkono wa koti, akaweka usoni, akavuta hewa ndefu. Kumbe nikienda mimi kisimani, yeye alikuwa anaingia chumbani kwangu. Alikuwa anajua, lakini kila akitaka kusema anasema wacha kesho. Sikumlaumu. Tulilivuta wote wawili, mmoja huku mmoja kule, kama watoto wanaogombania mkate. Harufu yako imebaki hapo kwenye kola tu, chini ya ule mpasuko. Kwingine kote linanuka mbwa.

Tumekubaliana kesho. Leo limelala nje, kwenye msumari wake. Jenista aliomba, "Bibi, nipe baba." Nilimwambia baba ni mchafu kidogo, anakwenda kuoga. Sikuwa na neno lingine. Alikubali, akageuka ukutani, akabaki anashika kidole changu mahali pa kifungo.

Nataka ujue ninavyoona, kwa sababu wewe sikudanganyi. Sioni kama tutashinda. Bwana mifugo alisema hiyo mba inakaa kwenye vitambaa miezi na miezi, na ukutani, na kwenye godoro. Godoro letu ni la zamani, halifuliki. Labda nitalifua koti na mtoto ataendelea kukohoa, na nitakuwa nimekuondoa bure. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kama ningejua atapona, ningelifua nikiimba. Lakini nalifua bila kujua. Mbwa nimempeleka bila kujua. Kesho kutwa koti hili litanuka sabuni kama koti la mtu yeyote, likipita sokoni siwezi kusema hili ni la mwanangu. Na mtoto akiniomba tena, nitampa nini?

Nimeona bora nilichane kwanza kabla ya maji. Asubuhi na mapema, pale kwenye jiwe, kwa gunzi. Yatakayotoka nitayabana kwenye mbuni wako. Ndege wanajenga msimu huu.

Mwana wanje, mwanangu, samahani kwa maneno mengi. Baba yako anakusalimu, ingawa hajui kama naandika. Furaha hakusema nikusalimie, amekaa hapa karibu anachambua maharage, na machozi yanaingia kwenye ungo. Hawezi kuolewa na mwingine kwa sasa, nami simwambii kitu. Nakuombea rozari kila jioni, na nikifika kwenye fumbo la tano huwa nimesahau niko wapi, unisamehe.

Nilitaka kukuahidi kwamba mtoto wako atapumua. Siwezi, Deo. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo, na kimechelewa. Nikishalikausha nitalitundika kwenye msumari wa jikoni, nje, chini ya paa, ulikokuwa unalitundika wewe. Sitaliingiza hata mvua ikinyesha, hata likioza. Nimesikia sasa. Koti la mbwa halitapita mlangoni.

Pumzika, baba. Hapa kwetu tunaendelea kufuta vumbi.

Ni mimi mama yako, ambaye njiani bado wananiita Mama Deo, nami naitika.